Mtoto akilia, nani anainuka?

Nimelea watoto wa watu kwa miaka 27, wengi wao wakiwa bado hawajaweza kutamka jina langu. Sasa nimestaafu na kazi yangu ni kusoma barua zenu. Mwezi huu nimeweka kando maswali ya usingizi na ya kuota meno, kwa sababu barua za kuchagua kituo cha kulelea mtoto zimekuwa nyingi, na mojawapo imenikaa moyoni tangu nilipoifungua. Naanza na hiyo.

*

Shikamoo Bibi. Nina binti wa miezi 14, mtoto wangu wa kwanza. Baada ya wiki sita narudi kazini. Mimi na mume wangu tumetembelea vituo viwili vya watu binafsi. Cha kwanza kina jengo jipya, kuta zimechorwa wanyama, kuna kamera ambazo mzazi anaziangalia kwenye simu yake, na mmiliki alituonyesha madaftari ya watoto wa miaka miwili wanaoandika namba mpaka kumi. Cha pili kiko kwenye nyumba ya kawaida tu, vitu vya kuchezea vimechakaa. Ada ya kile cha kwanza inakaribia mara mbili ya hiki cha pili. Mume wangu anasema tujibane, mtoto apate mwanzo mzuri. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja ya kumpa. Halafu kule kwa pili, mlezi mmoja alikuwa amekaa chini, mtoto amemlalia kifuani, na hakuinuka kutusalimia, alitutikisia kichwa tu. Mume wangu aliona ni dharau. Nitajuaje pa kumpeleka?
Mama wa binti wa kwanza

Marahaba, mwanangu. Hoja unayo, na umeiandika mwenyewe kwa mkono wako. Nitaifikia.

Tuanze na kuta. Binti yako akisimama, kichwa chake kinakufika kwenye paja. Twiga aliyechorwa ukutani yuko juu ya macho yake. Amechorwa kwa ajili yako wewe unayelipa. Kutoka pale alipo, mtoto anaona magoti, viatu, miguu ya meza, na uso wa mtu mzima pale tu mtu huyo anapoinama. Kwake yeye kituo ni watu watatu au wanne, wanaoinama au wasioinama. Kila unachokikagua, kikague kwa kimo hicho.

Umri wake nao una jambo lake. Kuanzia karibu miezi 8 mtoto huanza kuelewa kwamba mama akitoka mlangoni bado yupo mahali fulani, ila hana uhakika kama atarudi. Hofu hiyo huwa kali mpaka mwaka mmoja na nusu hivi, na kwa wengine hupitiliza. Wiki sita zijazo binti yako atakuwa katikati kabisa ya kipindi hicho. Kwa hiyo kabla ya daftari na kabla ya kamera, anahitaji mtu mmoja: sauti ile ile, harufu ile ile, mikono ile ile itakayompokea asubuhi kutoka kwako, na itakayokuwepo kesho na keshokutwa.

Sasa fanya hivi. Rudi kwenye vituo vyote viwili, safari hii uende peke yako, na usikubali kutembezwa. Wageni hutembezwa saa nne asubuhi, watoto wameshiba, sakafu imepigwa deki, kila mtu yuko mahali pake. Omba kuja saa ile watoto wanapoanza kuchoka, kabla ya chakula cha mchana, au wanapoamka usingizini. Kaa chini, mgongo ukutani, simu mkobani, saa nzima. Usiseme neno. Dakika kumi za kwanza walezi watajua unawatazama. Baada ya hapo kazi itawazidi, watakusahau.

Subiri mtoto alie. Atalia, na si mmoja. Angalia nani anainuka, na anainuka baada ya muda gani. Je, anamwendea au anampigia kelele kutoka upande wa pili wa chumba? Akifika, anashuka mpaka chini alipo mtoto, au anamnyanyua kama mzigo? Anamwita kwa jina? Nimeona walezi wanaomfuta mtoto machozi huku wakizungumza na mwenzao juu ya jambo lingine kabisa. Mkono uko kwa mtoto, mtu hayupo. Binti yako atalijua hilo kabla yako.

Kitu cha pili cha kutazama ni ubadilishaji wa nepi. Wageni hawaonyeshwi, lakini mtoto wa umri huo hupitia hapo mara nne, tano kwa siku, na huko ndiko anakojifunza kama mwili wake ni wake. Nilifanya kazi na wanawake wawili katika chumba kimoja. Wa kwanza alikuwa mwepesi mno. Alimjia mtoto kwa nyuma, akamshika makwapani, akamnyanyua katikati ya mchezo, kikombe cha plastiki kingali mkononi mwa mtoto. Kikombe kilianguka, mtoto akageuza shingo kukitafuta, na mpaka anamaliza kufungwa nepi mpya alikuwa akitazama kule kilikoanguka. Wa pili alikuwa mzito, na mimi nikiwa kijana nilimwona mvivu. Alikuja kwa mbele, akapiga magoti, akamwonyesha mtoto nepi safi. “Nimekuja kukubadilisha,” akasema, kisha akanyoosha mikono miwili na kungoja. Akangoja kweli. Mtoto alimwangalia, akatazama kikombe, akakiweka chini mwenyewe, halafu akainua mikono. Mezani alimwambia kila anachofanya: sasa nainua mguu huu, sasa maji, ni ya baridi kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu alikuwa akiinua mguu mwenyewe kabla hajaguswa. Ilichukua dakika mbili zaidi ya kule kwa mwenzake.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba namna ile ilikuwa imeshafanyiwa kazi kwa makini. Daktari wa watoto Emmi Pikler alianzisha nyumba ya kulelea watoto wasio na wazazi mjini Budapest mwaka 1946, na aliwafundisha walezi wake kwamba kuogesha, kulisha na kubadilisha nepi si kazi za kumaliza haraka ili mambo ya maana yaanze. Hayo ndiyo mambo ya maana. Kila tendo lilisemwa kwanza, mtoto akapewa nafasi ya kuitikia. Mwenzangu yule hakuwahi kumsikia daktari huyo. Alikuwa na adabu kwa mtoto, basi.

Kisha uliza maswali, na uyaulize kwa walezi wenyewe, mmiliki akiwa hayupo karibu. La kwanza: “Umekuwa hapa muda gani?” Ukisikia miezi mitatu, miezi miwili, mwezi mmoja, simama hapo. Kituo cha mtu binafsi ni biashara, na si kosa. Lakini ada inaingia mahali, ama kwenye rangi ya ukuta ama kwenye mshahara wa anayemshika mtoto. Mlezi anayelipwa kidogo huondoka, na anapoondoka mtoto wa miezi 14 hufiwa kidogo, hana neno la kulisemea. La pili: “Nani hasa atakuwa mlezi wa binti yangu, na akiugua nani anashika nafasi yake?” Jibu liwe jina la mtu. “Sisi sote tunawalea wote” ni maneno mazuri ambayo kwa mtoto huwa na maana kwamba hakuna aliye wake. La tatu: “Watoto wangapi kwa mlezi mmoja?” Hesabu vichwa mwenyewe ukiwa umekaa pale. Kwa kipimo, sheria ya England inataka mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na 1 kwa watoto 5 wa miaka miwili. Nimeshawahi kubaki peke yangu na wachanga saba. Nakuambia kwa dhati, mikono miwili haitoshi hata kama moyo unatosha.

Kuhusu kamera, nina jambo linaloniuma mpaka leo. Binti yangu alipotafuta kituo cha mwanawe, mimi ndiye niliyemsindikiza. Kilikuwa kizuri sana. Nilipita vyumba vyote kwa dakika ishirini, nikasifu, nikamwambia hapa panafaa. Mwezi wa pili nilikwenda kumchukua mjukuu wangu saa tisa badala ya saa kumi na moja. Nikakuta viti sita vyenye mikanda vimepangwa mstari mmoja, watoto sita wamefungwa, mbele yao televisheni. Hakuna aliyekuwa akilia. Mjukuu wangu hakugeuka nilipomwita mara ya kwanza. Nilipomfungua, mkanda ulikuwa umemwachia alama nyekundu juu ya mapaja yote mawili, na nepi ilikuwa imelowa mpaka kwenye suruali. Kamera ilikuwepo. Ilikuwa kwenye chumba cha kuchezea, ambacho mchana ule kilikuwa kitupu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaosema mtoto mdogo asifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa 1 mfululizo, wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa 1 kwa siku. Lakini hata bila mwongozo, mimi mwenye kazi ile nilipaswa kukaa chini saa nzima kabla ya kusifu. Ndiyo maana nakusisitizia wewe.

Mume wako anapenda zile namba, na namwelewa. Baba anamtakia mwanawe mema. Mwambie hivi. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Ukimpiga picha ya eksirei mtoto wa miaka miwili, kwa kawaida utaona 2 au 3 tu. Mingine bado ni gegedu laini, na wa mwisho huanza kugeuka mfupa karibu na miaka 10. Mkono huo umeumbwa kwanza kushika, kumwaga, kukunja, kufinyanga, kuchimba. Madaftari mliyoonyeshwa, nina hakika kubwa, mkono wa mwalimu ulikuwa juu ya mkono wa mtoto. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua kituo chake cha watoto Bad Blankenburg mwaka 1837, alikiita baadaye bustani ya watoto, na jina hilo limeenea duniani kote. Aliwapa watoto mipira ya sufi, vipande vya mbao na vitalu vya kupanda mimea. Ufini watoto huanza shule ya msingi mwaka wanaotimiza miaka 7, na hawajaachwa nyuma na mtu. Binti yako kwa sasa anajenga lugha, na lugha ya umri huo hujengwa kwa kupokezana: yeye ananyoosha kidole, mtu mzima anatazama kule kule na kusema “eh, ndege, ameruka,” yeye anatoa sauti, mtu mzima anaijibu. Katika ile saa yako sakafuni, hesabu mara ngapi mlezi anamjibu mtoto asiyejua kusema.

Na sasa yule mlezi ambaye hakuinuka. Mwanangu, mtoto alikuwa amemlalia kifuani. Wageni wawili wazima wameingia, wenye uwezo wa kulipa, na mwajiri wake pengine yuko nyuma yao. Kila alichofundishwa tangu utotoni kinamwambia asimame. Hakusimama, kwa sababu akisimama mtoto ataamka. Alichagua, mbele yenu, nani ni mkubwa chumbani humo saa hiyo. Hiyo ndiyo hoja yako, na kama mume wako anataka kuiona kama dharau, mwombe ajiweke kwenye nafasi ya baba wa yule mtoto aliyelala.

Hata hivyo, sisemi kila nyumba kuukuu ni salama. Vitu vya kuchezea kuchakaa si tatizo, kuvunjika ni tatizo: kwa walio chini ya miaka 3, chochote kinachopita ndani ya kile kikopo cha katikati cha karatasi ya choo kinaweza kuziba koo. Angalia ndoo na mapipa ya maji. Mtoto anayejifunza kutembea huweza kuzama kwenye maji yasiyofika hata kiganja kimoja, na huzama kimya. Jaribu komeo la geti mwenyewe. Uliza kibali cha kuendesha kituo, ukione kwa macho, na uone tarehe. Kama kuna wachanga chini ya mwaka mmoja, ona wamelazwaje: chali, mahali pagumu palipo sawa, bila mto wala mablanketi mazito, wanaowalaza wachanga ovyo watakuwa na uzembe mahali pengine pia. Na tazama kama mlezi ananawa mikono kwa sabuni baada ya kila nepi, au anaipangusa kwenye nguo. Kituo cha pili kikipita hapo, na yule mlezi bado yupo, na wakikukubalia binti yako awe wake, mpeleke hapo na ile nusu ya ada mliyookoa itumieni kupunguza saa za kazi za mmoja wenu miezi miwili ya mwanzo. Kisipopita, usikubali kwa sababu ya mtu mmoja mwema. Anza kutafuta cha tatu. Wiki sita zinatosha ukianza kesho.

*

Habari za kazi, Mama. Mwanangu wa kiume ana miaka 3, ni wiki ya tatu chekechea. Kila asubuhi alikuwa analia ananing'ang'ania shingoni. Mwalimu akanishauri nitoroke akiwa anacheza, nikafanya hivyo siku nne. Wiki hii ameacha kulia na mwalimu anasema ameshazoea. Lakini nyumbani ameanza tena kukojoa kitandani, na nikienda tu chooni ananifuata mlangoni. Je, kweli amezoea?
Baba anayejiuliza

Nzuri, mwanangu, na asante kwa kutazama mpaka nyumbani.

Inawezekana hajazoea. Mwishoni mwa miaka ya 1940 James Robertson alikaa kwenye wodi za watoto London, akiandika alichokiona kwa watoto waliolazwa mbali na wazazi. Aliona kwamba kwanza hulia na kupinga. Halafu hunyamaza, na manesi wakadhani wametulia. Kumbe ulikuwa wakati wa kukata tamaa. Mwanao hayuko wodini, anarudi kwako kila jioni, kwa hiyo usijitishe. Ila lile ninalotaka ulichukue hapo ni moja: kunyamaza kwenyewe hakukuambii kitu. Tafuta ishara nyingine. Anacheza, au anashika kitu tu? Anakula? Akianguka, anamkimbilia mtu fulani kwa jina? Akiulizwa nyumbani, kuna mtoto au mwalimu anayemtaja? Muulize mwalimu yale matatu ya kwanza, na asikujibu kwa ujumla. Mwambie akusimulie asubuhi ya leo.

Kutoroka acha kabisa, hata kama kunarahisisha mambo kwao. Mtoto aliyegeuka akakuta baba hayupo amejifunza kwamba akicheza, baba hupotea. Ndiyo maana anakufuata chooni, analinda. Kesho muage uso kwa uso, kwa ufupi, na kwa namna ile ile kila siku. Chuchumaa, mwambie unaondoka na utarudi lini, kwa saa anazozijua yeye: “Mtakula, mtalala, mtaamka, mtacheza nje, halafu mimi huyo.” Mkabidhi mkononi kwa mtu mmoja, mkono kwa mkono, kisha uende. Akilia, mwache alie mikononi mwa mtu. Kilio cha kuagana chenye mtu wa kukipokea hakimharibu mtoto. Usirudi mlangoni mara tatu. Kila ukirudi, kuagana kunaanza upya. Mwachie kitu chako kidogo mfukoni, leso uliyoitumia itafaa kuliko kitu kipya. Na jioni ufike uliposema utafika. Kwa wiki hizi mbili, ahadi hiyo ina uzito kuliko mkutano wowote.

Zungumza na kituo pia. Siku za mwanzo mzazi alipaswa kukaa naye, siku ya kwanza saa moja, ya pili umtoke kwa dakika chache na kurudi, na kuendelea hivyo mpaka siku nzima. Inaelekea hamkupewa nafasi hiyo. Iombeni sasa, hata kwa siku tatu. Kituo kinachosema mzazi akikaa anaharibu watoto kinasema habari zake chenyewe.

Kukojoa kitandani kwa mtoto wa miaka 3 katika mabadiliko kama haya ni jambo la kawaida. Badilisha shuka bila maneno mengi. Ila akilalamika maumivu wakati wa kukojoa, akipata homa, au akinywa maji kupita kiasi, mwone daktari.

*

Shikamoo Bibi. Karibu na kwangu kuna kituo kinaitwa Montessori na ada yake ni kubwa kwa sababu ya jina hilo. Jina lina maana gani hasa? Nilipe?

Marahaba. Maria Montessori alikuwa daktari, Mtaliano, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907 katika mtaa wa watu maskini. Njia yake ni hii kwa ufupi: mtoto achague kazi mwenyewe, aishike kwa mikono, airudie anavyotaka, na mwalimu aongee kidogo na kutazama sana. Mwaka 1929 alianzisha chama cha kimataifa, AMI, ambacho bado kinafundisha walimu.

Lakini jina lenyewe sehemu nyingi mtu yeyote anaweza kulipiga kwenye kibao. Kwa hiyo uliza walimu walisomea wapi na kwa muda gani, kisha uingie darasani. Ukikuta watoto wa umri tofauti pamoja, kila mmoja na kazi yake, rafu fupi wanazozifikia wenyewe, na utulivu usio wa woga, jina lina ukweli. Ukikuta vifaa vya mbao vizuri viko juu kabatini na watoto wote wanaimba alfabeti kwa pamoja, unalipia kibao.

*

Mama, shikamoo. Tumempatia mtoto nafasi, lakini mmiliki anataka ada ya mwaka mzima kabla, na nilipomuuliza kama naweza kuja wakati wowote bila taarifa aliudhika. Alisema wazazi wakija ovyo wanavuruga ratiba. Nisaini?

Marahaba, mwanangu. Usisaini bado.

Kuhusu kuja wakati wowote, ana nusu ya haki. Wageni wanaotafuta nafasi, wenye kupiga picha, watu wasiojulikana na watoto, hao wapange siku. Mzazi ambaye mtoto wake yuko ndani ya chumba hicho hapangiwi siku. Anaweza kuombwa aingie kimya, akae pembeni, asiwaamshe waliolala. Hawezi kuambiwa asije. Mimi nilipokuwa na chumba changu, wazazi walioingia ghafla walinisumbua, siwezi kukataa, hasa saa ya kulala. Lakini hakuna hata mmoja niliyetaka abaki nje.

Kuhusu fedha, muombe ulipe kwa muhula au kwa mwezi, hata kama jumla itapanda kidogo, maana miezi miwili ya mwanzo ndiyo itakayokuonyesha kama mmefika mahali penyewe. Akikataa kabisa, basi mkataba useme wazi unarudishiwa kiasi gani mtoto akiondoka, na kwa taarifa ya siku ngapi. Utazame pia wanafunga siku zipi na kama unazilipia, unatozwa nini ukichelewa jioni, mtoto mwenye homa anarudishwa nyumbani lini na anapokelewa tena lini, nani anaruhusiwa kumchukua, na watafanya nini akija mtu asiye kwenye orodha. Hilo la mwisho liulize kwa sauti, umsikie anavyojibu. Waambie pia kama ana mzio wa chakula au dawa, na iandikwe kwenye mkataba wenyewe, si kwenye kikaratasi cha mlangoni.

Mpelekee masharti yako kwa maandishi, umpe siku mbili. Na siku ya kupeleka jibu, uende saa ya kuamka watoto, bila taarifa.